Kobe wa Dokta Furaha na Maikrofoni ya Mahari

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaizungukazunguka: yule msichana wa Mutanga Sud aliyetoka mbio mbele ya wakwe, kitenge kichwani, siku ya mahari ya dada yake, kabla hata ombi lenyewe halijatamkwa, ni mimi. Najua mmesikia kwamba alikuwa amelewa, wengine mmesikia kwamba alikuwa akimtaka shemeji yake. Sikulewa (nilikuwa nimekunywa soda, tena nusu chupa, kwa sababu niliwaza nitafanyaje nikibanwa na haja katikati ya hotuba), na shemeji yangu simtaki hata kidogo. Nilikuwa nakwenda kuchomoa taa ya kobe.

Ngoja nieleze.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikituma ujumbe nausoma tena na tena baada ya kuutuma, nikijiuliza kama ile nukta ya mwisho haionekani kama hasira. Nilimaliza chuo, nikapata shahada ya baiolojia, nikarudi na shahada yangu kwenye chumba changu cha nje, ng'ambo ya ua wa wazazi wangu, nikaanza kungoja kazi. Kazi haikuja. Ikaja staji, mafunzo ya kazi bila mshahara, kwenye kliniki ndogo ya wanyama kule Kamenge, kwa Dokta Furaha, mama wa Uvira anayeongea na mbwa kwa sauti ile ile anayoongelea na wenye mbwa. Nilikuwa nafuta meza na kushika miguu ya wanaochomwa sindano. Basi siku moja akaletwa kobe mwenye mafua, pua zinatoa mapovu, na wenyewe wakasafiri, na Dokta akaamua niende naye nyumbani.

"Umuweke pahali pakavu," akaniambia. "Usiku, kama mvua imenyesha, umuwashie taa ya joto. Muchana apana. Muchana jua ya hapa Buja yenyewe ni taa."

Mtu wa kawaida angeyafuata maneno hayo akalala. Mimi nilikwenda kusoma kwenye simu. Nikasoma kwamba kobe mgonjwa akipoa hawezi kujiponya, hivyo nikaanza kumwashia hata mchana kukiwa na mawingu. Kisha nikasoma habari za taa zenyewe, na hapo ndipo usingizi uliponikimbia: kwamba vifaa vya joto vya wanyama hawa vinachoma nyumba, kwamba balbu huangukia nyasi kavu, kwamba bakuli la maji likimwagikia waya basi tena, na kwamba kila kitu cha chuma kilicho karibu na taa lazima kiunganishwe na waya wa njano na kijani, ule wa kupeleka ardhini umeme uliotoroka. Sasa kobe wangu nilikuwa nimemweka kwenye nini? Kwenye sanduku la bati. Lile lile nililokwenda nalo bweni, lenye jina langu kwa rangi nyeupe kwenye mfuniko.

Kwa hiyo nikaliunganisha. Nilitafuta waya wa njano na kijani, ncha moja nikaifunga kwenye sanduku kwa skrubu, ncha ya pili nikaifikisha kwenye pini ya tatu ya prizi ndefu, soketi ya kuongezea inayochomekwa vitu vinne. Nilijivunia sana. Nilipiga hata picha. Jambo moja tu sikulifikiria, mimi ninayefikiria kila jambo: prizi ya ukutani, ambako hiyo ndefu ilichomekwa, ina matundu mawili tu. Nyumba yetu ni ya zamani, haina waya wa ardhi popote. Waya wangu wa usalama ulifika ukutani ukakosa pa kwenda. Ila uliunganisha sanduku la kobe na kila kitu cha chuma kitakachochomekwa kwenye prizi ile ile. Shikeni hapo.

Sasa siku ya mahari. Dada yangu Aline na Eric walikuwa wanapendana muda mrefu, na kilichokuwa kinawachelewesha ni shangazi yake Eric, Tantine Goreth, aliyemlea Eric tangu utoto na aliyekuwa na shaka na familia yetu (alituona watu wa vitabu vingi na chakula kidogo). Tantine akikubali, ndoa ipo. Tantine akiondoka, imekwisha, Eric hawezi kumvuka, na Aline alikuwa anajua hivyo vizuri kiasi kwamba wiki ile alikonda mpaka ikabidi imvutano yake, vazi la sherehe, ikazwe kwa pini. Mama naye alikuwa ametoa amri moja kwangu: "Siku hiyo sitaki kuona huyo nyama hapa," yaani huyo mnyama. Nilitakiwa nimrudishe kobe kliniki asubuhi. Lakini ilinyesha, nikamuwaza kobe mwenye mafua juu ya pikipiki, kwenye upepo, nikaona bora abaki, nani atajua?

Akaja Jado, kijana wa sono, mitambo ya sauti, na spika zake kubwa kama makabati.

"Dada, prizi iko wapi? Mi nahitaji moja tu, ya karibu na hema."

"Ya karibu iko chumbani kwangu, lakini..."

"Lakini nini? Kuna mutu ndani?"

"Hapana. Si mtu."

Akanitazama. Nikamtangulia mbio, nikaufunga mfuniko wa sanduku kobe asionekane (matundu ya hewa yapo, nilitoboa mwenyewe), na aliposukuma mlango nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka najifunika shuka: nikaketi juu ya mfuniko. Kama mtu aliyeketi kwenye sanduku lake, anapumzika. Uzito wangu wote ukaukandamiza mfuniko kwenye waya wa taa, uliokuwa unapita ukingoni, na ukingo wa sanduku la bweni, kama mlisoma bweni mnajua, unakata kama wembe. Nilisikia kitu kidogo kimebonyea. Nikadhani ni bati.

"Hii waya inaingia mu sanduku ni ya nini?" Jado akauliza, huku anachomeka mashine yake pembeni ya taa yangu.

"Ya pasi."

"Pasi inawaka mu sanduku?"

"Inapoa."

Akatikisa kichwa akaondoka akivuta waya wake dirishani. Nami nikaacha simu yangu ikichaji pale pale, nikafunga mlango, nikaenda kuvishwa.

Mnajua utaratibu, lakini niuseme kwa asiyeujua. Wakwe wanakaa upande mmoja, wenyeji upande wa pili, wanatazamana. Bibi harusi haonekani. Anafichwa ndani na wasichana wake, na hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kutoka mpaka msemaji wa wakwe amwombe kwa mdomo wake na wenyeji wakubali. Kabla ya hapo wenyeji wanakana kila kitu: msichana gani? Hapa hatuna msichana. Nami nilikuwa msichana wa bibi harusi. Kwa hiyo nilikuwa nimefungiwa pamoja na Aline kwenye chumba chake ndani ya nyumba kubwa, tunachungulia kwa pazia, na chumba changu kilikuwa kule, upande wa pili wa ua, nyuma ya mgongo wa wakwe wote.

Wenyeji walikuwa barazani, kwenye mikeka mikavu. Wakwe walikuwa chini ya hema, kwenye ardhi iliyolowa mvua ya asubuhi. Msemaji wetu, Mzee Sylvestre, rafiki wa baba, alishika maikrofoni akasema muda mrefu sana kwamba nyumba hii Mungu hakuijalia mtoto wa kike, kuna wavulana tu, na mbuzi, kwamba pengine wageni wamepotea njia. Watu walicheka. Maikrofoni ikavushwa kwa waya wake mrefu mpaka kwa msemaji wao, Mzee Laurent, mwenye suti nyeusi na viatu vya ngozi vilivyong'aa. Akasimama. Akaileta mdomoni.

"Wazee wetu waheshimiwa, tumekuja ku... Yoh!"

Maikrofoni ikaanguka kwenye matope. Spika zikalia ngurumo. Watu wakafikiri imemponyoka, Jado akakimbia kwa sapatu zake za plastiki akaiokota, akapuliza, akaijaribu, "un, deux, un, deux," akairudisha.

"Nilikuwa nasema, tumekuja kuomba... Yoh! Jamani!"

Safari hii akaitupa. Akatazama mkono wake kana kwamba si wake.

"Iko na nini hii kitu?"

"Papa, iko sawa," Jado akasema, ameishika. "Angalia, mi naishika, haina kitu."

"Wewe inakupenda."

Mzee Sylvestre akaichukua barazani, akasema maneno mawili, salama salimini. Ikarudi kwa Mzee Laurent. Akaishika kwa ncha za vidole. "Tumekuja..." Tukamwona akiruka mguu mmoja. Na hapo kila mmoja alikuwa ameshaona jambo lile lile: wenyeji wakisema, inasema. Wakwe wakianza kumwomba msichana, inawapiga.

Tantine Goreth akasimama. Hakuhitaji maikrofoni.

"Mara ya tatu! Mutu anafungua mudomo aombe, anapigwa. Hapa wametufunga ulimi. Laurent, shika kofia yako. Twende."

Baba alisimama akasema jambo, halikusikika. Nyuma yangu Aline akakaa kitandani, akasema polepole, "Anaondoka. Belyse, anaondoka kweli."

Na mimi, wenzangu, tangu ile Yoh ya kwanza nilikuwa nimeganda kwenye pazia nikifuata umeme kwa akili: sanduku, skrubu, waya wangu wa njano na kijani, pini ya tatu, mashine ya Jado, waya wa maikrofoni, mkono wa Mzee Laurent, viatu vyake vya ngozi, matope. Njia nzima ilikuwa imepangwa vizuri. Nilikuwa nimeipanga mimi.

Ungeuliza, kwa nini hukumpigia Jado? Simu ilikuwa kule, inachaji. Ya Aline, Mama alikuwa ameichukua ili asimwandikie Eric. Kupiga kelele dirishani? Sauti ya msichana ikitoka chumba cha bibi harusi wakati kama ule, watasema bibi harusi anakataa. Niliyapima yote hayo wakati Tantine anakunja mkoba wake chini ya kwapa. Halafu nikawaza kwamba Jado anaweza kumpa mzee wa watu ile maikrofoni mara ya nne, na kwamba ule waya ukigusa bati vizuri zaidi kidogo, hatutakuwa tena na mahari, tutakuwa na msiba.

"Ni kobe," nikamwambia Aline.

"Kobe gani?"

"Yuko chumbani kwangu. Taa yake ndiyo inampiga mzee."

"Ulisema ulimrudisha!" Kisha akaona naelekea mlangoni. "Ukitoka hapo nakuua. Belyse! Ukitoka ni kama nimetoka mimi!"

Nikafikiri: basi nisijulikane. Nikavuta kitenge cha kitandani, nikajifunika kichwa mpaka puani, nikatoka.

Sasa jiwekeni pale chini ya hema. Kwa nusu saa mzee mzima amewaapia kwamba nyumba hii haina msichana. Ghafla mlango wa chumba cha bibi harusi unafunguka na msichana aliyefunikwa kichwa, amevaa imvutano, anatoka mbio peke yake, hajaombwa na mtu, anakata katikati ya ua. Nilisikia mwanamke mmoja upande wa wakwe akipiga kigelegele kwa mazoea, kisha wa pili, kisha wote, na Eric nikamwona anasimama na kunyoosha mikono, maskini, maana nilikuwa naelekea kwake. Nikampita. Nikampita na Tantine Goreth. Nikasikia sauti ya mzee mmoja: "Ameshindwa kungoja!" na nyingine: "Sasa anakimbilia wapi, njia ya kutoka iko huku!"

Nikaingia chumbani, nikavuta plagi. Nilivuta ya kwanza mkono ulipofika, bila kutazama, nikafungua sanduku. Kobe alikuwa juu ya mbao zake kavu anatafuna jani la kabichi. Nikamkumbatia. Sijui kwa nini. Nilihitaji ushahidi, nadhani, au nilihitaji mtu. Nikatoka naye, na kitenge kikabaki mlangoni kwenye msumari.

Vigelegele vikakatika.

"Huyu si Aline," Eric akasema.

"Ni mdogo wake," Mama akasema kutoka barazani, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia na sitaki kuisikia tena. "Na huyo nyama bado yuko hapa?"

Nikaeleza. Naomba mnisamehe, nilieleza yote, nilianzia kwenye mafua ya kobe, nikaenda kwenye nyuzijoto, nikafika kwenye kazi ya waya wa ardhi katika nyumba za zamani, na watu zaidi ya mia wakinitazama na kobe naye ametoa kichwa anawatazama wao, mpaka baba akasema, "Belyse. Fupisha."

"Taa ya kobe ilikuwa inapitisha umeme kwenye maikrofoni. Nimeichomoa. Hakuna uchawi. Ni mimi."

Tantine Goreth akanisogelea. Akamtazama kobe, akanitazama mimi, miguu yangu pekupeku kwenye matope (sapatu nilizipoteza njiani).

"Ni umeme tu?"

"Ndiyo, Tantine."

"Na umemaliza?"

"Ndiyo, Tantine."

"Basi shika mikro wewe. Hapo hapo ulipo."

Jado akaniletea. Na wakati huo huo, wakati mkono wangu unakwenda, ndipo nilipojiuliza: nilichomoa plagi ipi? Pale palikuwa na tatu. Taa, Jado, simu yangu. Sono ilikuwa bado inavuma, kwa hiyo si ya Jado. Lakini kati ya taa na simu? Ile niliyovuta ilikuwa nyeusi. Chaja yangu ni nyeusi. Plagi ya taa ni nyeusi, na taa yenyewe ni ya joto tu, haitoi mwanga ningeuona umezimika. Kurudi kuangalia nilijua siwezi. Nikirudi nyuma hatua moja tu, Tantine anaingia garini, na Aline alikuwa ameshatoa uso wote dirishani bila kujali desturi tena. Nikahamishia kobe kwapani, nikafumba macho, nikaikamata maikrofoni kwa mkono mzima, na maneno yakanitoka yenyewe, kwa sauti kubwa, kupitia spika zote mbili, mpaka mtaa wa pili:

"Mungu wangu pokea roho yangu na umwambie Mama nilimpenda!"

Hakuna kilichonipiga.

Nilifungua macho. Kobe alikuwa anapumua kwapani kwangu. Halafu Tantine Goreth, yule Tantine Goreth ambaye katika picha zote za familia yao hana hata moja ambayo ametabasamu, akainama, akashika magoti, akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Wakwe wakamfuata. Barazani wakamfuata. Mzee Sylvestre peke yake hakucheka, alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili.

Mzee Laurent akaichukua maikrofoni mkononi mwangu polepole, akaipima kwa kidole kimoja kama mtu anayeonja uji, akarekebisha tai.

"Mzee Sylvestre," akasema, "ulituapia hapa hamuna musichana. Tumemuona mumoja. Ametoka mara moja akaenda, ametoka mara ya pili akarudi na mufugo wake. Sisi tumekuja na ng'ombe, kumbe ninyi munatulipa kobe!" Akangoja vicheko vipite. Kisha akasimama wima, sauti ikabadilika. "Wazee, tumetoka mbali na tumevumilia. Tunaomba musichana. Lakini tunaomba yule aliye ndani, anayejua kutulia. Huyu wa umeme, tafazali, mubaki naye."

Baba alisimama. Alinitazama kwanza, muda mrefu, kisha akamtazama Mzee Laurent.

"Yule wa ndani tunawapa," akasema. "Huyu wa nje tutajaribu."

Basi Aline akatoka kama inavyotakiwa, polepole, macho chini, anaongozwa na Mama badala yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye kreti tupu nyuma ya hema na kobe wangu. Alipopita karibu yangu hakugeuza kichwa. Alisema tu kupitia meno, "Bado nitakuua," na nikaona machozi yake na tabasamu lake vikigombania uso mmoja.

Dokta Furaha nilipomhadithia aliuliza swali moja: "Siku hiyo, muchana, kulikuwa na joto gani?" Nikasema watu walikuwa wanajipepea kwa vifuniko vya sahani. Akanipa mbwa nimshike.

Kwa hiyo naapa hapa mbele yenu. Sitaketi tena juu ya kitu kinachopitiwa na waya. Sitachomeka taa ya mnyama pamoja na kitu ambacho binadamu atakishika mkononi, na sitauamini waya wa usalama mpaka nijue unakoishia. Na nikisikia kitu kimebonyea chini yangu nitasimama niangalie, hata kama chumbani kuna Jado kumi. Aline na Eric sasa wana nyumba yao, na Jumapili tunakwenda kula huko, na kila mara, kabla sijavua hata viatu, Tantine Goreth ananishika mkono kwa upendo mkubwa na kunipeleka kwenye kiti kimoja kilichowekwa katikati ya sebule, mbali na kuta zote nne. Nami nakaa hapo hapo, mikono mapajani, mpaka chakula kiishe.